Vitisho Vingi, Utekelezaji Haba

Mikorosho inapoanza kuangusha matunda katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kuanzia mwezi wa Septemba hivi hadi karibu na mwisho wa mwaka, madarasa ya shule za huko huanza kupwaya. Mabibo hayangoji kengele. Korosho iliyodondoka haina budi kuokotwa kabla haijanyeshewa mvua au kuchukuliwa na mpita njia, na mikono ya watoto ni sehemu ya nguvukazi ya kila kaya. Kijana wa kidato cha pili anayekosa shule siku ya Jumatatu ili akaokote korosho za bibi yake aghalabu hurudi Jumatano akiwa na fedha kidogo mfukoni na wasiwasi kidogo moyoni. Yanayompata baada ya hapo ndiyo yanayohusika na makala haya.

Mstarini, mwalimu wa zamu hutangaza kwamba mtoro yeyote atafukuzwa shule. Hafukuzwi mtu. Wiki ifuatayo hutangazwa kwamba wazazi wa watoro watapelekwa kwa mtendaji wa kata. Hapelekwi mtu, au hupelekwa mmoja asiye na wa kumtetea. Nyumbani, mama humwambia mwanawe kwamba mjomba akija atamwona. Lakini mjomba anakaa mbali, naye yumo katika mikorosho yake mwenyewe. Kisha, siku moja katikati ya Novemba, bila ya onyo lolote jipya, mwalimu aliyechoka huwatoa mbele vijana kumi na wawili na kuwachapa wote, wakiwamo wawili waliokuwa wagonjwa kweli. Jioni hiyo wako wanaoapa kwamba hawatarudi tena, na miongoni mwao wamo wanaotimiza kiapo chao, hata kama mkuu wao wa shule hakupata kutimiza chake.

Picha hii ni ya jumla, wala haikuchorwa kutokana na shule moja. Lakini mwalimu aliyefundisha kusini mwa Tanzania, au mahali popote penye zao la msimu, ataitambua.

Mjadala wa adhabu nchini umekuwa ukizunguka swali moja: watoto wachapwe au wasichapwe? Swali hilo ni zito, na jibu lake linazidi kuwa wazi. Hata hivyo limelifunika swali jingine ambalo sayansi imelishughulikia kwa miaka mingi, nalo ni hili: kati ya neno la mkubwa na tendo lake kuna umbali gani, na mtoto anajifunza nini kutokana na umbali huo?

Wazo la msingi ni la zamani. Mwaka 1764 Mwitalia Cesare Beccaria alichapisha kitabu kidogo juu ya makosa na adhabu, akahoji sheria za Ulaya ya wakati wake ambazo zilijaa mateso na kunyonga. Alisema kwamba kinachomzuia mtu asitende kosa si ukali wa adhabu bali ni hakika yake: adhabu ndogo isiyokwepeka humkaa mtu akilini kuliko adhabu ya kutisha ambayo ana tumaini la kuiponyoka. Alisisitiza pia kwamba adhabu ifuate kosa upesi, ili akilini mwa mtu mambo hayo mawili yashikane kama chanzo na matokeo yake. Beccaria alikuwa akizungumzia wahalifu wazima, tena hakuwa na maabara. Karne mbili baadaye wako waliokuwa nayo.

Mwaka 1970, nchini Marekani, Jan Deur na Ross Parke walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wavulana wadogo. Kila mvulana aliwekwa mbele ya sanamu kubwa ya kupigwa ngumi. Kundi la kwanza lilipewa gololi kama zawadi kwa kila ngumi. Kundi la pili lilipewa gololi kwa nusu ya ngumi, na kwa nusu nyingine halikupata kitu. Kundi la tatu lilipata gololi kwa nusu ya ngumi, na kwa nusu iliyobaki lilisikilizishwa mlio wa kuudhi, ambao ndio ulikuwa adhabu. Baadaye zawadi ziliondolewa. Baadhi ya watoto wakawa hawapati chochote, na wengine wakawa wanaadhibiwa kwa kila ngumi. Swali lilikuwa: nani ataacha kupiga upesi, na nani atashikilia?

Mtu angetazamia kwamba watoto waliokwisha kuonja adhabu ndio watakaoacha mapema. Ilikuwa kinyume. Waliozoea zawadi na adhabu kwa kuchanganya ndio waliong'ang'ania zaidi, hata pale kila ngumi ilipoanza kuadhibiwa. Adhabu ya mara moja moja haikuwafunza kuacha. Iliwafunza kuvumilia, kwa kuwa kila mlio wa kuudhi ulikuwa umefuatwa, baada ya muda mfupi, na gololi.

Sasa msomaji arudi kwenye mkorosho. Kitendo cha kijana ni kimoja, yaani kukosa shule. Mara kinamletea fedha na shukrani za bibi yake. Mara hakimletei kitu. Mara kinamletea kiboko. Kijana huyo yumo katika kundi la tatu la Deur na Parke, tofauti ikiwa kwamba gololi yake ni kilo za korosho na mlio wake ni fimbo. Na yanayomwadhibu na kumtunza hayatoki kwa mtu mmoja. Nyumba imemtuma, shule imemkataza, naye amesimama katikati ya amri mbili za wakubwa wake. Kumwita mkaidi ni kumsingizia. Anafanya hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeifanya, tena anaifanya vizuri.

Inafaa kutahadhari hapa. Sanamu ya mpira katika chumba cha chuo kikuu si maisha ya Ruangwa, na mlio wa kuudhi si fimbo. Majaribio ya namna hii huonyesha jinsi jambo moja linavyofanya kazi linapotengwa na mengine. Hayaonyeshi maisha yote. Lakini jambo lenyewe limethibitishwa kwa njia nyingi, na kwa wanyama kabla ya kuthibitishwa kwa watoto: adhabu ya kubahatisha huzaa tabia sugu.

Kama hakika ya adhabu ni jambo la kwanza, ukubwa wa kitisho ni la pili, na hapa kuna jaribio ambalo kila mwalimu wa nidhamu angepaswa kulijua. Lilichapishwa na Jonathan Freedman mwaka 1965. Wavulana wa shule ya msingi waliletwa mmoja mmoja katika chumba chenye vitu vya kuchezea vitano, kimojawapo kikiwa roboti ya umeme ambayo kila mtoto wa wakati ule angeitamani. Wote walikatazwa kuigusa roboti. Baadhi waliambiwa kwamba si vizuri kuichezea, basi. Wengine waliambiwa kwamba wakiichezea mkubwa atakasirika sana na watachukuliwa hatua. Kisha mkubwa alitoka nje kwa dakika chache. Karibu wote, wa kitisho kikubwa na wa kitisho kidogo, waliiacha roboti kama walivyoagizwa. Mpaka hapo kitisho kikubwa na kidogo vilikuwa sawa.

Baada ya wiki sita hivi watoto wale wale waliitwa tena na mtu mwingine, kwa shughuli nyingine. Yule bwana wa kwanza hakuwapo, na hakutajwa. Vile vitu vya kuchezea vilikuwa pale pale, na mtoto aliambiwa yu huru kuchezea chochote. Miongoni mwa waliotishwa sana, theluthi mbili waliichukua roboti. Miongoni mwa walioambiwa kwa upole, walioichukua hawakufika theluthi moja.

Maelezo ya wanasaikolojia ni haya. Mtoto aliyetishwa sana, akijiuliza kwa nini hakuigusa roboti, ana jibu lililo nje yake: aliogopa. Mwenye kuogopwa akiondoka, sababu imeondoka naye. Aliyeambiwa kwa maneno machache hana jibu la nje linalotosha. Hana budi kulitafuta ndani yake mwenyewe, na hujiambia kwamba hakuitaka, au kwamba yeye si mtoto wa kufanya hivyo. Jambo moja zaidi, ambalo wengi wanaosimulia jaribio hili hulisahau: pale mkubwa alipobaki chumbani mara ya kwanza, tofauti kati ya makundi mawili haikutokea. Mtoto alihitaji kuachwa peke yake, ajizuie mwenyewe, ndipo katazo liwe lake. Shule inayomchunga mwanafunzi kila dakika kwa fimbo mkononi inamnyima nafasi hiyo hiyo.

Historia ya Nachingwea ina mfano wake wa mambo makubwa yasiyodumu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kulima karanga kwa mitambo mizito, wakajenga na reli kutoka pwani ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na reli yenyewe ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vitisho vya mstarini vina tabia ya reli ile, ila vyenyewe hung'olewa ndani ya juma moja.

Wako watakaosema kwamba fimbo ndiyo desturi, na kwamba mambo ya maabara ni ya Wazungu. Ni vyema kuitazama desturi yenyewe kwa makini. Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, ambao wamejaa katika wilaya hizi, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa mila zao mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake. Mpango huo ulikuwa na busara ambayo haijathaminiwa vya kutosha. Aliyehukumu hakuwa aliyekosewa. Mama aliyetukanwa, au baba ambaye mbuzi wake walipotea, hakuhukumu kwa hasira yake. Shauri lilipelekwa kwa mtu wa tatu, ambaye alisikiliza, akauliza, akasema. Na alichosema kilitendeka, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa mwingine juu yake wa kukitangua.

Lakini mpango huo ulitegemea mjomba awe karibu. Kuhamishiwa vijijini kwa miaka ya 1970, kisha kazi za mjini na biashara, kumewatawanya wajomba. Siku hizi mjomba yuko Dar es Salaam, au Mtwara, na "mjomba atakuona" imekuwa hundi isiyo na fedha benki. Mwaka 1965 Walters, Parke na Cane walionyesha kwamba adhabu inayokuja mwanzoni mwa kosa humzuia mtoto kuliko inayokuja baada ya kosa kukamilika. Je, inayokuja baada ya wiki tatu, mjomba akishuka kwenye basi? Hata hivyo uchunguzi wa Parke wa baadaye uliongeza jambo la kutia moyo. Mtoto akielezwa kwa maneno kwa nini kitendo kimekatazwa, kuchelewa kwa adhabu hakuna madhara makubwa tena. Maneno hulijenga daraja juu ya muda. Kwa hiyo mjomba wa zamani, aliyemkalisha kijana chini na kulirejea jambo tangu mwanzo, hakufaulu kwa sababu ya bakora yake. Alifaulu kwa sababu ya baraza lake.

Kuhusu bakora yenyewe, lugha inasema mengi. Neno kiboko, kwa maana ya mjeledi, limetokana na ngozi ya mnyama wa mtoni, na kwa wazee wengi lilikwenda pamoja na "hamsa ishirini", viboko 25 vya utawala wa Wajerumani, ambao kwa amri ya mwaka 1896 ulijiwekea taratibu za kuchapa Waafrika. Vivyo hivyo watu huyachanganya maneno adhabu na adabu, na humchapa mtoto wakisema kwamba wanamtia adabu. Kwa asili yake ya Kiarabu maneno hayo ni mawili tofauti kabisa: moja lina maana ya mateso, na jingine lina maana ya mwenendo mwema. Kufanana kwake kwa sauti kumewagharimu watoto wengi.

Sheria nayo haikuiacha fimbo huru kama inavyodhaniwa. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ziliagiza kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe kwa kosa zito tu, na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na kwamba viandikwe kitabuni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikasema kwamba hakuna adhabu iliyo halali kwa mtoto asiyeweza kuelewa makusudi yake. Kenya iliiondoa fimbo shuleni mwaka 2001. Na Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake. Anayeulizia ukali wa adhabu unaweza kufika wapi amekwisha kujibiwa.

Watafiti wamewauliza watoto wa Tanzania wenyewe. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi. Takriban wote walikuwa wamewahi kuchapwa na mzazi au mlezi. Waliochapwa zaidi ndio walioonyesha ugomvi na utundu zaidi, na moyo mdogo wa kuwasaidia wenzao. Wanafunzi wa sayansi watauliza mara moja, na wana haki ya kuuliza: je, fimbo iliwafanya watundu, au utundu uliwaletea fimbo? Uchunguzi unaopima mambo mawili kwa wakati mmoja hauwezi kujibu swali hilo. Lakini unatosha kuondoa dai moja: kama fimbo ingekuwa dawa, waliomeza nyingi wasingekuwa wagonjwa zaidi ya wenzao.

Hoja yenye uzito kuliko zote dhidi ya haya yote haitoki kwenye mila wala vitabuni. Inatoka kwa mwalimu mwenye wanafunzi 70 katika chumba kimoja. Yeye husema kwamba fimbo inachukua dakika tano, na adhabu nyingine zote zinachukua saa nzima ya maisha yake. Anasema kweli. Kumbakiza mtoro Jumamosi ili ayafidie masomo aliyoyakosa ni kumbakiza na mwalimu. Kumwamuru arudishe alichokiharibu ni kumsimamia mpaka akirudishe. Fimbo ni rahisi kwa anayeishika, na hapo ndipo lilipo jaribu lake. Gharama yake hulipwa na mtu mwingine, na aghalabu baadaye.

Kutokana na hoja hiyo hiyo kunapatikana kipimo kizuri. Mwalimu asitangaze adhabu ambayo hayuko tayari kuigharimia. Shule isiyoweza kuwafukuza watoro 40, na haiwezi, wala haifai iweze, isilitaje neno kufukuza mstarini. Iseme badala yake kwamba vipindi vitatu vilivyokosekana vitafidiwa kwa vipindi vitatu Jumamosi ya juma hilo hilo, walimu wakipokezana zamu. Kisha Jumamosi hiyo mlango wa darasa uwe wazi na mwalimu awepo, hata kama watoro ni wawili, hata kama mvua inanyesha. Jumamosi moja ambayo mwalimu hakutokea itabomoa kazi ya Jumamosi tano. Na walimu wote watoe adhabu ile ile kwa kosa lile lile, kwani shule yenye mwalimu mmoja mkali na watano wasiojali ni maabara ya Deur na Parke iliyoezekwa kwa mabati.

Lakini kijana aliyetumwa korosho na bibi yake asibebeshwe kosa la ukoo mzima. Shauri hilo ni la wakubwa. Vikao vya wazazi vifanyike kabla ya msimu, Agosti, na si Novemba. Na jambo la kuzungumzwa liwe siku na saa: kwamba asubuhi ni ya shule na alasiri ni ya mikorosho, au kwamba Jumamosi za msimu zigawanywe. Nyumba na shule zikikubaliana juu ya amri moja, hata ikiwa ndogo, mtoto hana tena soko la kuchagulia.

Kwamba walimu wanaweza kubadili desturi zao si ndoto. Mwaka 2018 Mabula Nkuba na wenzake walitoa matokeo ya jaribio katika shule nane za sekondari za serikali nchini Tanzania, ambapo shule ziligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi zikapewa mafunzo ya siku chache juu ya namna ya kuelewana na wanafunzi na kusimamia nidhamu bila ya kupiga. Miezi michache baadaye, kupiga na kutusi kulikuwa kumepungua katika shule zilizopata mafunzo, kwa maelezo ya walimu na ya wanafunzi wenyewe.

Shule ambayo haijafikiwa na mafunzo ya namna hiyo inaweza kuanza kwa karatasi moja. Wanafunzi wa kidato cha tatu, wakisimamiwa na mwalimu wao wa hisabati, wachore safu mbili. Kwa majuma manne, katika safu ya kwanza waandike kila kitisho kilichotamkwa mstarini na madarasani. Katika safu ya pili waandike kama kilitekelezwa, na baada ya siku ngapi. Majina yasiandikwe, ya walimu wala ya wanafunzi. Mwisho wa mwezi wakokotoe uwiano wa safu hizo mbili na kuchora grafu yake. Karatasi hiyo ipelekwe kwanza katika chumba cha walimu, isomwe huko, kabla ya kubandikwa mahali pengine popote.